Mwaka Juu ya Mlango

Jumamosi, 6 Septemba
Bi Thirza wa ng'ambo ya kijia kapewa kibao na kamati ya kijiji: "Nyumba ya 1702". Anakipangusa kila nikitoka. Leo kaniuliza, kwa sauti ya rambirambi, kama nyumba yetu ilijengwa kabla ya vita vya dunia au baada. Vita! Mlango mfupi wa kizamani, umenipasua paji la uso miaka tisa! Mke wangu Muriel hajali vibao. Anataka madirisha ya plastiki, yasiyopitisha upepo, kabla ya baridi. La sivyo, anahamia kwa dada yake, mjini Ipswich. Nimeshayaagiza.

Jumapili, 7 Septemba
Bi Thirza yuko kanisani. Ngazi, patasi, na tofali la juu ya mlango nimelichonga: 1588. Kazi safi. Safi mno. Hapa kila mtu anajua tofali jipya huzeeshwa kwa kupakwa mtindi, ukungu wa kijani uote. Dukani kulibaki wa stroberi tu. Nimenunua makopo mawili, nimepaka moja.

Jumanne, 23 Septemba
Ukungu hakuna. Nyigu wapo, jeshi zima. Muriel anapitia mlango wa nyuma. Mkaguzi wa majengo ya kale anakuja kesho. Nimemwita mwenyewe, Bi Thirza akome.

Jumatano, 24 Septemba
Mkaguzi, Bwana Fensom, kapanda ngazi, kanusa. Kaniuliza kama mwaka 1588 stroberi zilishaanza kuuzwa kwenye makopo. Bi Thirza alicheka mpaka akajishikiza kwenye uzio. Kisha mkaguzi akazunguka ukuta, akipapasa matofali yaliyofinyangwa kwa mkono na kupangwa kizamani, refu na fupi kwa zamu.

"Mwaka wako ni uongo, bwana," akasema. "Nyumba ndiyo kweli. Hii ni ya 1690 hivi."

Nimempita Bi Thirza! Nikampungia mkono. Kumbe mkaguzi hajamaliza. Kuanzia leo nyumba inalindwa na sheria. Haruhusiwi mtu kugusa tofali, mlango, wala dirisha.

Hasa dirisha.

Ijumaa, 26 Septemba
Lori limeleta madirisha. Yamesimama bustanini, meupe kama meno ya bandia. Muriel kapita katikati yake na sanduku.

"Ukipata joto, mume wangu, nipigie."

Bi Thirza kamshikia mwavuli mpaka kituoni.

Nimekaa, nimefikiri. Sheria inalinda nyumba kuukuu. Mpya hailindwi. Ukuta wa nyuma una tofali zuri, halina nyigu hata mmoja. Patasi ninayo, na kopo la pili la mtindi sitalihitaji.

Nadhani 1974 itatosha.