Mimi na Kibonge Kwenye Foleni ya Muhuri

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo tena wizarani, Kibonge mgongoni. Uhamisho wa baba yake bado haujasainiwa. Baba Kibonge ni mwalimu. Walimpeleka mpakani mimi nikiwa na mimba, na mpaka leo hajambeba mwanawe. Wanaonana kwenye simu tu, Kibonge anailamba. Mkubwa wa Uhamisho akisaini, mume wangu anakuja kufundisha hapa hapa mjini. Asiposaini kabla ya Ijumaa mchana, dirisha linafungwa mpaka mwakani.

Karani kasema Mkubwa yuko safarini. Wakubwa wa mji huu wako safarini siku zote. Makwao ni kwingine, hapa wanapitia kusaini.

Tangu nihamie nilikuwa najiuliza mji huu una kazi gani. Hauna bahari, hauna mgodi, una kiwanda cha magodoro tu. Leo nimeelewa. Una mihuri! Nchi nzima inapanda basi kuja kugongewa muhuri.

Sasa mshtuko. Afande wa getini alipomwona Kibonge alitangaza kwamba mwenye mtoto apite mbele. Foleni nzima ikanipisha. Mzee mmoja anayefuatilia pensheni akaniomba niende na karatasi zake pia. Nikaenda. Akanipa pesa ya maziwa, wala sikumwomba. Mpaka sasa nimeduwaa. Mwanangu ni mradi, na sikujua!

Jumanne, 7 Oktoba

Kibonge kapigwa sabuni, kavalishwa kofia ya sufu. Wateja tele. Mkulima wa hati ya shamba. Binti wa cheti kilichopotea. Dereva mwenye kesi hata yeye haielewi. Wote wanasubiri kivulini, sisi tunaingia. Kibonge alimchekea karani na karani akacheka. Watu wamesema hawajawahi kuyaona meno ya yule bwana.

Tatizo ni moja. Kibonge akisinzia anaonekana mkubwa, miguu inaning'inia. Mteja alinishauri nimfinye kidogo alie. Nimfinye mwanangu? Nilimnong'oneza tu kwamba baba anakuja. Akaamka mwenyewe.

Mkubwa bado yuko safarini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nguvu zimeniisha. Kaja mwanamke ana pacha! Mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Afande alimpigia saluti. Wateja wangu wote wamehamia kwake. Mzee wa pensheni alipita karibu yangu akitazama juu kama anatafuta mvua.

Nilimfuata Mama Pacha nikamwambia kwa adabu kwamba hapa mahali pana mwenyewe. Akanijibu kwamba mwenyewe ni serikali. Akaongeza kwamba huyo wangu meno yamejaa kinywani, apange foleni kama baba wa watu. Kibonge, badala ya kunitetea, alikuwa anashikana mikono na pacha mdogo.

Lakini sikukubali. Nilimwendea Afande nikamnong'oneza kwamba foleni yake imeingiliwa na watu wanaofanyia biashara watoto. Alinishukuru sana. Kesho Mama Pacha hatakuwepo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Afande amefanyia kazi taarifa yangu. Katangaza kwamba kwa kuwa watoto wamezidi, mwenye mtoto mmoja apange foleni kama wengine. Watakaopita mbele ni wenye pacha tu.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Na Mkubwa karudi leo, leo hii! Foleni ilizunguka jengo ikakutana na mkia wake. Walipofunga nilikuwa ndio kwanza nimegusa ngazi. Kesho atasaini asubuhi, kisha ataondoka kama wenzake. Ikifika Ijumaa mchana mji huu tunabaki sisi na mbuzi wanaokula maua ya wizara.

Nililia. Kibonge naye akalia, kuniunga mkono. Mama Pacha alisimama akaniuliza nini tena. Nikamweleza yote, hata kwamba aliyemchongea ni mimi. Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Kisha akasema mumewe naye walimpeleka mbali, anajua ilivyo.

"Kesho chukua mmoja," akaniambia. "Ila usimzoee."

Ijumaa, 10 Oktoba

Kibonge mgongoni, pacha mdogo kifuani. Afande, saluti. Moja kwa moja mpaka kwa Mkubwa. Mtu mpole, ana miwani, begi la safari liko tayari mlangoni. Akauliza kama hawa ni pacha. Nikasema ndiyo. Akamtazama Kibonge, anatafuna kamba ya pazia. Akamtazama mwenzake, shingo haijakaza. Nikasema huyu mkubwa alitangulia kutoka.

Akafungua faili. Limeandikwa mtoto mmoja. Akasoma tena. Akaniuliza mume wangu alikuja likizo lini mara ya mwisho. Nikajibu kwa fahari kwamba mume wangu ni mchapakazi, tangu aripoti mpakani hajakanyaga nyumbani hata siku moja.

Mkubwa akavua miwani. Akamwangalia yule mchanga, akaniangalia mimi, akaangalia dirishani. Akaniuliza taratibu kama mume wangu anajua. Mimi nikajua anasema habari za uhamisho. Nikasema bado, nataka nimshtukize.

"Dada yangu," akasema, "huyu mwalimu arudi nyumbani haraka."

Akagonga muhuri mpaka kikombe kikaruka. Kasaini! Kisha akashika simu, akasema atamweleza mwenyewe, kiume, habari zote mbili.

Nilikuwa nimefika chini ya ngazi nikicheka peke yangu ndipo nikajiuliza, habari ya pili ni ipi? Nikamwangalia pacha mdogo. Nilipanda mbio na watoto wote wawili. Mlango umefungwa. Gari lake lilikuwa linatoka getini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Baba Kibonge kapiga simu. Akauliza, kwa sauti ya chini: "Mke wangu, huyo wa pili ni wa nani?"

Nilimweleza yote. Halafu nikasikia anacheka, au analia, sijui. Kasema anaanza safari leo, Jumatatu asubuhi atashukia wizarani kuripoti kabla hata ya kufika nyumbani. Kaniomba nisifanye jambo lolote mpaka afike. Kanitamkia silabi kwa silabi: lo-lo-te. Nimemwahidi kwamba mtoto wa mtu siazimi tena maisha yangu yote.

Na siazimi. Kwanza haina faida. Nimekutana na Afande dukani, kaniambia pacha nao wamefutwa. Kuanzia Jumatatu watakaopita mbele ni wajawazito peke yao.

Basi nimenunua mto. Mdogo, wa mviringo, laini. Nimeufunga kwa khanga nikajitazama kwenye kioo. Miezi saba! Nikijishika kiuno, minane. Kibonge kaulalia, kaupenda.

Jumatatu nitawahi foleni mapema. Baba Kibonge hatapata taabu ya kunitafuta. Akishuka tu kwenye basi ataniona, mbele kabisa.