Malalamiko ya Mpishi wa Meli kwa Jinsi Maharamia Walivyodharauliwa na Ofisi

Ndugu Mkurugenzi Mheshimiwa,

Mimi ni mzima. Wasiwasi wangu uko kwenu huko ofisini. Ni mimi, yule mpishi wa meli yako ya saruji iliyotekwa na maharamia. Tumeachiwa, tumerudi makwetu, na sasa nina malalamiko. Si dhidi ya maharamia, la hasha. Nalalamikia jinsi ofisi yako ilivyowatendea.

1. Mapokezi. Walipanda meli mchana kweupe kwa ngazi ya kamba, bunduki mgongoni, wamejiandaa kwa mapambano. Wakakuta walinzi uliotuletea: sanamu mbili za nguo kuukuu zilizojazwa sponji, zimevishwa kofia na kufungwa kwenye reli ya ukingoni mwa meli. Haramia wa kwanza akaiamuru moja inyooshe mikono juu. Ikakaidi. Akaipiga risasi ya kifua, sponji ikamwagika, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Mheshimiwa, mtu mzima kaaga kwake, kahatarisha roho yake baharini, halafu anachekwa kazini kwa sababu ya ubahili wako?

2. Simu. Kiongozi wao, tuliyemwita Miwani, alipiga ofisini kwako kwa adabu zote. "Habari za kazi, dada. Mimi ndiye niliyeteka meli yenu." Dada wa mapokezi akamwambia asubiri kwenye laini, akamfungulia muziki. Miwani akasubiri mpaka sikio likapata moto. Mwishowe akaambiwa bosi yuko kikaoni, atume barua pepe. Alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gunia la viazi, kanywea kabisa.

"Mzee," akaniuliza, "hivi hawa watu wanajua kweli kwamba mpo?"

Nikamkorogea chai.

3. Likizo. Hatimaye ulipatikana, na Miwani akaweka simu sauti ya juu ili sote tusikie. Ukauliza hali ya saruji. Ukauliza hali ya injini. Ukauliza kama rangi ya ubavuni imekwaruzwa. Ni Miwani aliyekukatiza: "Na watu je?" Ukasema siku za kutekwa zitakatwa kwenye likizo zetu za mwaka, kwani hatukuwa kazini. Haramia aliyekuwa amenielekezea bunduki akaishusha, akanipa pole.

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, Miwani aajiriwe awe meneja wetu. Sifa anazo. Simu anapokea mwenyewe. Majina yetu anayajua yote, maana alituita mmoja mmoja kila asubuhi. Na afya zetu anazijali: hakuna aliyeruhusiwa kufa bila idhini yake. Wenzake wawe walinzi wa meli. Jinsi ya kuipanda hawahitaji kufundishwa. Nawe, Mheshimiwa, usihofu kukosa kazi. Zile nafasi mbili kwenye reli ziko wazi, na kofia ipo.

Natumaini utalitazama ombi hili kwa jicho la huruma, kama unalo. Nisalimie wote hapo: dereva wako, wahasibu, dada wa mapokezi na ule muziki wake.

Ni mimi mtiifu wako,
Mpishi

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameniuliza ni nani aliyemvunja fundi wa injini vidole, kama si huyo huyo Miwani. Ameniuliza pia, ikiwa walikuwa watu wema kiasi hicho, mbona kila nikienda kulala nasukuma kabati mpaka mlangoni. Ombi langu la namba nne nalifuta, Mheshimiwa. Mtu yule asikanyage ofisini kwako, wala popote nilipo. Lakini naomba unijibu jambo moja tu: siku ile alipopiga simu ukawa kikaoni, mlikuwa mnajadili nini?