Bi Masikio Tisa na Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Umebaki ukurasa mmoja! Msimulizi, anayetuendeshea mchezo, ametutangazia leo. Kitabu cha viumbe cha kundi letu, lile daftari kubwa la jalada jekundu, kina kurasa arobaini, na tayari thelathini na tisa zimejaa. Mle yamo majoka na majitu yote tuliyoyabuni kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani wa kila Jumamosi mchana, ule ambao kila mtu ana shujaa wake na dadu ndizo zinazoamua nani aishi, nani afe. Miaka sita nacheza. Viumbe wangu mle kitabuni: sifuri. Hata mke wangu ana watatu. Fundi Saa, mchezaji mwenzetu, ana kumi na mmoja. Kumi na mmoja!

Sheria ni ngumu. Kiumbe sharti amalize mchezo mzima bila kushindwa. Tena sharti awe na udhaifu mmoja, uandikwe, ufungwe kwenye bahasha, akabidhiwe Msimulizi. Joka langu la mwisho lilidumu dakika nne. Liliuawa na Mwokaji, kwa mwiko. Sitaki kulizungumzia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda masjala nikichora nyuma ya fomu za likizo. Majitu matatu, yote yamefanana na mkuu wangu wa kazi. Nimeyachana.

Jioni nimenyata jikoni, nikatia kijiko cha pili cha sukari kwenye chai. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki mbili na sasa ni mwezi wa tatu, akauliza kutoka chumbani kama daktari ameniruhusu. Mlango umefungwa! Redio inaimba! Hapo hapo nikapata wazo. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu.

Jumatano, 5 Machi
Kiumbe tayari. Bi Masikio Tisa! Husikia kijiko kikigusa sukari ng'ambo ya milima mitatu. Hunusa uongo. Hapigi hodi. Panga halimwingii. Udhaifu ndio ulionitoa jasho, maana yule mama hana. Mwishowe nikaupata: ukimuuliza habari za mgongo wake huketi kueleza, na akishaketi hana nguvu tena. Nani atalijua hilo nje ya nyumba hii? Bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Lazima nijue Fundi Saa anapika nini. Nimemwomba mama mkwe ampelekee ile saa yake inayochelewa, na akiwa pale dukani achungulie makaratasi. Akasema hiyo kazi ndogo.

Alikaa huko mchana kutwa! Karudi uso unang'aa. Nikamuuliza kaona nini. Kaona kijana mwenye adabu zake, aliyempa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho, siyo kama watu wengine. Na makaratasi? Akauliza makaratasi gani.

Jumamosi, 8 Machi
Ilianza vizuri mno. Shujaa wa Mwokaji chali. Mchawi wa mke wangu chali. Nilikuwa naiona kalamu ikiandika jina langu! Ikafika zamu ya Fundi Saa. Akalitua panga la shujaa wake, akakunja uso, akasema huyu mtu mbona kama anamjua. Kisha, kwa upole, akamuuliza Bi Masikio Tisa mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imesaidia?

Msimulizi akafungua bahasha. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nimekwisha. Nani aliyemwambia? Nimemshuku Mwokaji. Nimemshuku hata Msimulizi. Mke wangu akaninong'oneza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima kinahusu nini hapa?

Jumapili, 9 Machi
Fundi Saa kaleta saa nyumbani. Akamsimulia mama mkwe kila kitu, akamwonyesha na mchoro wangu niliousahau mezani jana! Nilikuwa nyuma ya pazia la sebuleni. Mama mkwe akautazama mchoro. Halafu akaniambia nitoke, miguu yangu inaonekana.

Nilijiandaa kwa laana. Akasema meno nimemwekea machache. Akasema pia kwamba huwezi kumchora mtu namna hii kama humtazami kila siku, na kwamba hata wanawe wa kuwazaa hawajamtazama hivyo. Sauti ikamtetemeka. Nampenda huyu mama, basi! Kisha akaomba kalamu, eti na yeye ajaribu.

Jumamosi, 15 Machi
Ukurasa wa mwisho kapewa mama mkwe! Jaribio lake la kwanza! Kiumbe wake anaitwa Mzee Pazia. Hujificha mahali anapoonekana. Asubuhi hupanga njama, jioni zimemwangukia mwenyewe. Hakuna aliyemshinda: kila shujaa aliyeinua panga alimwonea huruma akalishusha. Fundi Saa alisema huyu si wa kuuawa, ni wa kutunzwa. Udhaifu wake, kwa mujibu wa bahasha: hajijui.

Nilicheka kuliko wote. Sijui mama kamtoa wapi mtu wa ajabu vile. Mke wangu alinishika mkono muda wote, akinitazama kama mtu anayeumwa.

Habari njema: Msimulizi ameleta daftari jipya, kurasa mia. Kesho mama mkwe anaanza kiumbe wa pili. Nitakaa nyuma ya pazia nione anafanyaje. Safari hii nitavua viatu.