Siki, Karafuu na Nyota ya Zohali

Jumanne, 11 Februari 2003
Siki imekwisha Guangzhou! Muuza duka ananiambia "meiyou", hakuna, kabla sijafungua mdomo. Kuna homa ya mapafu isiyo na jina, watu wanakufa, na jiji zima linachemsha siki kufukuza hewa mbaya. Nilisimama barabarani nikinusa, mwili ukinisisimka. Ndivyo walivyofanya Waingereza wa zamani wakati wa tauni! Nimesoma maktabani: siki, chungwa lililochomekwa karafuu, na jicho kwenye Zohali, nyota iletayo maradhi. Mimi, Vedasto, mwanafunzi wa historia, nitaliokoa bweni hili. Khalid ninayeishi naye chumba kimoja anasomea udaktari. Kashauri tunawe mikono na kufungua madirisha. Madirisha! Hewa yenyewe ndiyo adui.

Jumatano, 12 Februari
Karafuu nimepewa na Burhani, mfanyabiashara wa Mombasa aliyepanga mtaa wa Xiaobei. Vidole vyauma kwa kuzichomeka kwenye machungwa ya bweni zima. Jovitha wa uhandisi kapokea chungwa lake, kalinusa, kasema linanukia pilau ya kwao. Nikampa na la pili. Magharibi nikapanda juu ya paa. Moshi mtupu. Kisha, Mungu wangu, Zohali! Kubwa, nyekundu, ikishuka juu ya vichwa vyetu. Nikamwita Khalid. Khalid kasema ile ni ndege inatua uwanja wa Baiyun. Wivu.

Alhamisi, 13 Februari
Siki nimepata! Chupa ya mwisho ya mpishi wa kantini. Nikamwalika Jovitha, nikafunga madirisha, nikaziba nyufa kwa soksi, nikainjika sufuria kwenye jiko la mkaa. Mvuke ukapanda kama ubani. Tukaketi wima kama tuko kanisani. Jovitha kasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia huo ni ugonjwa unatoka. Akaanguka.

Khalid kaingia, kavunja kioo kwa kiti, kambeba hadi nje.

"Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, Vedasto! Unataka kumuua?"

Nilikaa chini huko nje nikitazama kifua cha Jovitha kikipanda na kushuka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama pumzi ile.

Jumamosi, 15 Februari
Jovitha mzima. Khalid anampelekea uji na kumpima mapigo ya moyo, muda mrefu kuliko lazima. Nimeomba radhi. Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: Alhamisi Mwezi ulikuwa kwenye buruji ya Kaa! Waingereza walionya waziwazi. Tena wanayo dawa kubwa zaidi: jogoo hai, akikalishwa kifuani pa mgonjwa, hunyonya sumu yote. Maajabu! Nimeshamleta mmoja kutoka sokoni, yuko chini ya kitanda cha Khalid. Mpole sana. Anakohoa kidogo tu.