Protini Yangu Haivunjiki

Jumatatu, 5 Agosti
Mvua Montevideo kutwa. Graciela kaleta torta frita za moto, maandazi bapa ya siku za mvua, kwa maabara nzima. Anajipendekeza! Ajira ya kudumu ni moja, tunaigombea wawili, na Profesa Olazábal ataamua Ijumaa. Nimekula tatu. Hazina chumvi.

Miaka kumi na miwili nadai kwamba protini yangu hudumu ndani ya seli siku nzima. Graciela anabisha: seli huibandika alama ya kutupwa, kisha huikatakata ndani ya saa moja. Kanicheka mbele ya watu, eti Wilson, ndugu yangu, hata seli imeichoka. Sitamsamehe.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata! Ipo dawa inayoziba ile mashine ya kukatakata iliyo ndani ya seli. Alama zibandikwe wee, mashine ikizibwa hakivunjiki kitu. Nimetia kidogo kwenye seli zangu Graciela alipokwenda kula. Nani atajua?

Alhamisi, 8 Agosti
Picha ya vipimo imetoka. Protini yangu ipo saa zote, mstari mnene, mweusi, raha tupu! Nimemwonyesha Nelly anayeosha vyombo. Kasema hongera daktari, sasa toka na viatu vyako, nimeshapiga deki. Wivu hadi huko. Nimenunua tai.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeumbuka. Profesa aliitazama picha, akatabasamu. Graciela akagusa mstari wa chini: protini ya kulinganishia, ambayo kila mwanafunzi anajua hutoweka ndani ya nusu saa. Nayo ipo! Hadi jioni, nene vilevile. Akauliza kwa upole, na upole ndio uliouma, iweje seli za Wilson zimeacha kutupa taka zote.

Profesa akataka kujua nimetia nini. Nikasema labda baridi. Akasema Wilson, mwanangu, kafungashe vitu vyako. Kazi kapewa Graciela. Miaka kumi na miwili imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nimelia chooni, na Nelly akagonga mlango, anataka kusafisha.

Jumapili, 11 Agosti
Nimewaza sana, na nimeliona kosa langu. Kuiacha ile protini ya kulinganishia ionekane! Ujinga ulioje. Kesho naomba kazi kwenye maabara nyingine, Rosario, kule Argentina. Picha ni ileile, ila chini nimeikata kwa mkasi.