Hatua 412 hadi kwa Mama Mkwe

Kwako Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mtaa,

KUHUSU: KICHOCHORO KUNIVUNJIA HESHIMA

Tafadhali keti kwanza, maana niliyoandika humu si ya kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni yule fundi uliyemwagiza geti la kuziba kichochoro cha nyuma ya zahanati. Mtaa huu nimeishi miaka kumi na tisa. Nilianza na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Leo mageti sitini na matatu ya hapa yametoka mikononi mwangu. Kwa hiyo nilijihesabu mwenyeji. Ila mtaa wenyewe nimekuwa nikiuona kupitia kioo cha gari. Jumanne, kwa kuwa pikapu haiingii kichochoroni, nilishuka nikaenda kupima kwa miguu. Yaliyonikuta ni haya:

1. Kichochoro kina upana wa mita moja na sentimita themanini. Kazi ya dakika mbili hiyo. Ilinichukua hamsini na tano, maana kila nikitandaza futi ya kupimia, mtu huyo! Nimehesabu watu 131, baiskeli tisa na mbuzi mmoja asiyejulikana ni wa nani. Wote walisalimia, isipokuwa mbuzi. Ukiitikia salamu huku umeng'ata penseli, penseli huanguka. Yangu ilianguka mara 26. Fundi cherehani, aliyeweka meza yake ukutani humohumo, akanipigia kelele: "We si yule wa pikapu ya bluu? Kumbe una miguu, fundi mwenzangu!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

2. Kichochoro hiki hakina adabu ya kufika mbali. Nilikifuata kuanzia upande wa zahanati, jirani na kwangu, nikihesabu hatua, kwa kuwa fundi hazibi upande mmoja bila kujua upande wa pili kuna nini. Hatua ya 412 nikatokea uani kwa mama mkwe.

Ndugu Mwenyekiti, hapo nisome polepole. Kutoka kwangu hadi kwa mama mkwe ni kilomita sita na nusu, kwa mita ya gari, si kwa mdomo. Unazunguka uwanja wa mpira, unavuka daraja, unasubiri taa mara mbili. Juu ya umbali huo nimejenga ndoa yenye amani. Mke wangu akisema, "Baba watoto, twende tukamwone mama," nami hujibu, "Kule mbali, mama watoto, tutaenda mwisho wa mwezi." Nimejibu hivyo miezi 228.

3. Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anachambua mchele. Akanitazama na futi yangu mkononi, akasema, "Pole na safari, mkwe. Njiani salama?" Kisha akaniletea maji ya kunawa uso. Maneno hayohayo amenipa kila mwisho wa mwezi, tena akinifungia na chakula cha njiani, nami nakipokea kwa mikono miwili! Mama huyu alijua.

4. Mke wangu naye alijua. Ndala zake za njano, zilizopotea tangu mwaka juzi, zilikuwa zimepangwa mlangoni kwa mama yake. Nilipomwuliza, akajibu bila kuacha kukunja nguo: "Wewe ulitaja kilomita. Njia hukuniuliza." Kumbe mimi nikiwasha gari asubuhi, yeye anavaa ndala. Watoto wetu watatu walijifunzia kutembea humo. Mbwa pia anapajua. Nyumba ya watu watano na mbwa, mgeni akawa mwenye nyumba!

5. Mama mkwe ana goti bovu. Hupita humo Jumatatu na Alhamisi kwenda zahanati, na hupumzika mara mbili, mara moja akikalia kiti cha fundi cherehani. Geti likifungwa, itambidi azungukie barabarani na goti lake hilo. Hili si lalamiko. Nimeliandika ili hesabu ikamilike.

Kwa hiyo naomba geti lisiwe la mita mbili kwenda juu kama ulivyoagiza, bali tatu. Liwe na kufuli tatu, na bati zito lisiloonyesha ng'ambo. Kamati itangaze kwamba kichochoro hicho hakijawahi kuwapo. Watu watazoea kusahau. Mimi nilisahau miaka kumi na tisa na sikuumwa hata kichwa. Na ikiwezekana barabara ya lami irefushwe, ifike walau kilomita nane, ili nikisema "kule mbali" nisionekane mwongo.

Nisalimie Katibu, mlinzi wa zahanati, na shemeji hapo nyumbani. Mbuzi naye, mkimpata mwenyewe.

Wako katika chuma,
Fundi wa Mageti (pikapu ya bluu)

N.B. Geti liko tayari. Limetoka na upana wa mita moja na sentimita kumi, hivyo pembeni inabaki nafasi ya sentimita sabini. Usinirudishe kulirekebisha, futi yangu haijawahi kukosea. Mama mkwe na mkongojo wake ni sentimita sitini na nne. Nilimpima mlangoni kwangu jana, alipokuja kula mchana, baada ya kumwambia, "Pole na safari, mama." Sita za ziada ni za mkoba wake, ingawa Alhamisi hii mkoba nitaubeba mimi.