Yule Mwenye Helmeti Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mkurugenzi mpya wa vipindi ameniita ofisini kwake, hata kiti hakunipa. Amesema kipindi changu cha magari kimechoka. Miaka saba! Kisha akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama mtangazaji wa magari ni dereva pia. Nikasema bila shaka. Nikaongeza kwamba dereva wa mashindano anajua kuendesha tu, ilhali mimi naendesha na kueleza kwa wakati mmoja. Nilipendezwa sana na jibu langu.

Akapiga meza. Kumbe hilo ndilo alilotaka kulisikia. Jumamosi hii, moja kwa moja hewani, nitapambanishwa na dereva wa mashindano. Gari lilelile, mizunguko mitatu kila mtu kwa zamu yake, saa inahesabu. Dereva ameshapatikana. Ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu.

Nimetoka pale bila kuaga.

Niandike ukweli, maana daftari hili nalifungia kabatini. Sijawahi kuendesha gari kwa kasi. Nikizidi themanini macho yanajifunga yenyewe. Kwenye kipindi nakaa ndani ya gari lililosimama, mpiga picha na fundi wa sauti wanalitikisa kwa nyuma, nami nazungusha usukani na kuongea. Anayeonekana kwa mbali akikata kona, helmeti nyekundu kichwani, ni shemeji. Wale wawili wanajua na wamefunga midomo. Mke wangu hajui. Kila Jumamosi anakaa mbele ya televisheni, na helmeti nyekundu ikitokea anashika kifua. Halafu anageuka kunitazama. Dakika moja kwa wiki natazamwa hivyo. Akijua, kwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mgongo. Yaani nimeamua kuwa na mgongo. Nimelala chali tangu asubuhi nikiguna kila mtu akipita mlangoni. Mke wangu akanikanda kwa maji ya moto, nikaona aibu kidogo, nikaguna zaidi ili isionekane.

Saa nne mkurugenzi akamleta daktari. Amenibonyeza hapa na pale, akaandika kwamba mgongo wangu ungeweza kubeba magunia. Mkurugenzi ameniambia tutaonana Jumamosi.

Mke wangu amefurahi. Amesema hajui amshangilie nani, kaka yake au mume wake, kwa hiyo atakaa katikati kabisa ya jukwaa. Nimejikaza kisabuni, nikacheka naye.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimekwenda kufanya mazoezi kwenye barabara ya nyuma ya maghala, ambako hapapiti watu. Nikafunga mkanda, nikasali, nikaondoka. Sabini. Sabini na tano. Nikapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba trei za mayai. Akanisalimia! Ndipo nikagundua kwamba mshale niliokuwa nikiusoma ni wa joto la injini.

Hata hivyo siku haikupotea bure. Kona ya ghala la mwisho niliieleza vizuri sana: jinsi ya kuiingia, jinsi ya kuitoka, mguu wa kulia unafanya nini. Niliieleza kwa sauti, peke yangu, kwa dakika nne. Kuikata ndiyo sikuikata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Nimemkuta karakanani akipapasa tairi kwa kiganja, macho kayafumba. Hivi ndivyo walivyo madereva wa mashindano. Hawana neno. Nimemuuliza gari la Jumamosi likoje, akasema linakwenda. Basi! Mimi gari hilohilo ningelizungumzia nusu saa nzima, na matangazo ya biashara ndani yake. Watu wanasema yeye ana kipaji.

Nimemweleza mpango wangu. Ni mpango mzuri. Ndani ya helmeti hakuna sura. Yeye avae nyekundu yangu, mimi nivae buluu yake. Aendeshe akiwa mimi, ashinde. Mimi niendeshe nikiwa yeye, nishindwe, jambo ambalo halihitaji mazoezi.

Akaifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema jina lake la udereva amelitafuta miaka kumi na minne, na mimi nataka kulitupa kwa mizunguko mitatu. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yake. Nikamwaga machozi, ya kitaalamu mwanzoni, halafu nikashtuka kuona ya kweli yamefuata. Sijui yalitoka wapi.

Akakubali kwa sharti moja. Mbio zikiisha, nimwambie mke wangu ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Amesema amechoka kusikia dada yake akimsifia mtu mwingine kwa kona alizokata yeye. Nikaapa. Nimeapa vitu vingi maishani.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike.

Tulibadilishana nguo chumba cha nyuma. Ovaroli yake iligoma kufunga tumboni, fundi wa sauti akaiziba kwa utepe wa gundi. Akanipachikia maiki ndani ya helmeti, akaniambia kitu. Sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa namtazama mke wangu kupitia dirisha. Alikaa katikati kama alivyosema.

Helmeti nyekundu ikatangulia. Nilitoka upande wa nyuma kumwona. Mungu wangu. Yule bwana haendeshi, anapita tu, na barabara inampisha. Mizunguko mitatu dakika saba kamili. Uwanja ukalipuka. Mke wangu akasimama akilitaja jina langu. Jina langu! Sijawahi kufurahi hivyo. Kasoro ilikuwa moja: mtangazaji wa miaka saba hakutoa neno hata moja njia nzima. Mkurugenzi alidhani nimezimia nikiwa kwenye usukani.

Zamu yangu. Helmeti ya buluu. Nilipanga kwenda polepole kwa heshima, kimya kama shemeji. Lakini gari la mashindano halijui polepole. Niligusa pedali tu, likaruka nami. Kona ya kwanza niliipita kwa upande. Na pale mbele yangu, juu ya dashibodi, ikawaka taa nyekundu ya kamera.

Miaka saba taa ile ikiwaka, mimi nasema. Nikasema. Nikawakaribisha watazamaji. Nikaeleza kona. Kona iliyofuata ikanitoa nje kwenye majani, gari likazunguka mara mbili, na kuanzia hapo sikumbuki nilichosema. Najua tu kwamba mdomo haukufungwa. Dakika kumi na tisa!

Niliposhuka hapakuwa na makofi wala kelele. Mke wangu alikuwa amesimama, kiganja mdomoni. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti vyake vya masikioni, akatazama viatu vyake. Nikakumbuka maiki.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenipikia, ameninyooshea mashati, hajaniuliza kitu. Afadhali angefoka.

Shemeji alipita asubuhi. Nilidhani amekuja kunivunja taya. Akanipa mkono, akasema ahsante kwa kutimiza ahadi. Nikamwambia mimi mtu wa kauli moja. Alipoondoka nikajifungia chooni na simu, nikasikiliza marudio. Naandika hapa kama nilivyosikia.

Kwanza napiga mayowe. Kisha namwita mke wangu. Halafu sauti inakuwa ndogo, sauti ambayo sijawahi kuitumia kazini, inasema: “Yule mwenye helmeti nyekundu si mimi, mke wangu. Hata siku moja hakuwa mimi. Mimi ni mwoga. Nilitaka tu unitazame kama unavyomtazama yeye, na sikujua njia nyingine. Sasa nitakufa humu ndani na hujawahi kuniona.”

Hapo gari linagonga matairi ya pembeni, taratibu, na mimi namwomba msamaha mtu aliyekuwa akiyalinda matairi hayo.

Nimesikiliza mara tano. Mara ya tano nililia. Hayakuwa machozi ya kitaalamu, na chooni hapakuwa na mtu wa kumlilia.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kazini nimefyata mkia, na sanduku la kubebea vitu vyangu. Mkurugenzi akanipa kiti! Simu hazijakatika tangu Jumamosi. Wanaume wazima wamepiga wakasema nao wanaogopa kuendesha na hawajawahi kumwambia mtu. Amesema dereva wa mashindano anaifanya hatari ionekane rahisi, na watangazaji wote wa magari wanajifanya ni madereva. Mimi ndiye wa kwanza ambaye yeye amemsikia akisema kasi inamfanya nini mtu wa kawaida. Kipindi kinabaki changu. Sharti lake: niseme ukweli, kila wiki, kama ule.

Nimetoka kifua mbele. Nimelirudisha sanduku stoo.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu amezungumza. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya muda mrefu. Amesema siku nyingi alishamtambua kaka yake ndani ya ile helmeti, kwa namna anavyoinamisha kichwa kwenye kona. Kifua alikuwa akimshikia kaka yake. Hata Jumamosi alimjua; jina langu alilitaja ili nijitokeze. Akigeuka kunitazama, alikuwa anasubiri nimwambie. Miaka saba alikuwa anasubiri.

Akaniuliza kama yale maneno ya garini yalikuwa yangu, ya moyoni.

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa lilifika ulimini. Lakini mtu ana heshima yake. Nikamwambia ile ilikuwa kazi tu, mama. Nikamweleza kwamba mtangazaji aliyeiva anaweza kumfanya hata mkewe aamini anakufa, na hapo ndipo tunapowazidi madereva. Nikamrudia kipande kidogo, chenye kutetemeka, ili aone kilivyotengenezwa.

Akauachia mkono wangu polepole. Akakunja nguo zilizokuwa kitandani, zote, hata zilizokuwa zimekunjwa. Bila shaka nimemwacha hoi.

Nimeshaongea na mpiga picha na fundi wa sauti. Kuanzia wiki hii walitikise gari kwa nguvu zaidi, nami nitaweka kwikwi ya kilio baada ya kona ya pili. Mke wangu amesema Jumamosi hatakuwepo, anakwenda uwanjani kumtazama kaka yake akishindana. Nimemwambia asijali, nitamrekodia kipindi.